Jinsi ya kuomba siku za nyutroni kwenye kinu cha pamoja cha Grenoble

Mwanafunzi wa uzamivu aliyeko Ujerumani, Uswidi au Uingereza huambiwa na msimamizi wake, "Andika ombi la ILL," yaani ombi la siku za kufanya majaribio kwenye kinu cha nyuklia cha Grenoble, Ufaransa, naye hufungua fomu papo hapo. Subiri kidogo. Jua kwanza unaomba kwa nani, maana michango ya wanaolipia kinu huangaliwa siku zinapogawanywa.

Taasisi ya Laue-Langevin, yaani ILL, ilianzishwa na Ufaransa na Ujerumani Magharibi mwaka 1967. Kinu kiliwashwa 1971, Uingereza ikajiunga 1973. Mpaka leo hao watatu ndio wabia wakuu na ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa gharama. Nchi nyingine, kama Hispania, Uswisi, Italia na Uswidi, zimeingia kwa mikataba: zinachangia, na wanasayansi wao wanapata siku za kukitumia. Kinu hiki cha megawati 58.3 hakizalishi umeme hata kidogo. Kinatoa nyutroni, chembe za kiini cha atomu zisizo na chaji zinazotumika kuchungulia ndani ya vitu, usiku na mchana kwa takriban siku 50, kisha kinazimwa ili kipande chake kimoja cha fueli ya urani kibadilishwe. Kwa hiyo siku utakayopewa imelipiwa na walipa kodi wa nchi kadhaa, na kuna mwenzako aliyeikosa.

Hatua ya kwanza ni kujua unasimama wapi. Kinachotazamwa ni maabara unayofanyia kazi, si pasipoti yako. Mtanzania aliyeajiriwa na chuo cha Ujerumani anaomba kwa upande wa Ujerumani. Aliye Dar es Salaam au Nairobi, njia yenye matumaini ni kuandika pamoja na wenzake walio katika nchi wanachama. Usione haya kuwaandikia. Ushirikiano mwingi mzuri ulianza kwa barua pepe ya aya mbili.

Pili, kabla ya kuandika, zungumza na mwanasayansi anayesimamia mtambo unaoutaka. Kuna mitambo ipatayo 40 kukizunguka kinu, na kila mmoja una kazi yake: D11 na D22 kwa maumbo ya nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), D17 kwa tabaka nyembamba, IN5 kwa mwendo wa molekuli. Yeye ndiye atakayekwambia kama sampuli yako ni ndogo mno, au kama siku mbili zinatosha pale ulipotaka kuomba tano.

Tatu ni andiko lenyewe: kurasa mbili za hoja ya kisayansi, hutumwa kwa mfumo wa intaneti wa taasisi. Kwa kawaida maombi hupokelewa mara mbili kwa mwaka. Hapa ndipo pa kumwaga jasho, na swali la kujibu ni moja: kwa nini nyutroni?

Tuseme unachunguza wanga wa muhogo. Ndani ya punje zake kuna tabaka zinazojirudia kila baada ya nanomita tisa hivi. Ukitaka kupima umbali huo tu, eksirei zinakutosha, na kamati inayopima maombi itakurudisha huko, tena kwa haki. Lakini ukitaka kujua maji yanaingia tabaka gani wanga unapopikwa, hali inabadilika. Haidrojeni ya kawaida na haidrojeni nzito hutawanya nyutroni kwa namna zinazopingana, hata alama za hesabu zake ni tofauti, hasi na chanya. Ukichanganya maji ya kawaida na maji mazito, yaani yenye haidrojeni nzito, kwa viwango mbalimbali, unaweza kuifanya sehemu moja ya sampuli ipotee machoni pa nyutroni na nyingine ibaki peke yake. Eksirei haziwezi hilo. Sema hivyo katika aya ya kwanza. Kisha weka vipimo vya eksirei ulivyokwisha kufanya, idadi ya sampuli, viwango vya joto, na hesabu ya saa kwa kila kipimo. Anayeandika "tunaomba siku sita" bila hesabu anajiumiza mwenyewe.

Sehemu ya usalama ijaze kwa ukweli mtupu: kemikali zote, kiasi, sumu kama ipo.

Baada ya hapo wataalamu kutoka nje ya taasisi hukutana kwa makundi ya fani na kuyapanga maombi kwa ubora, na mgawanyo wa siku huangalia pia michango ya nchi. Siku zinazoombwa huzidi zilizopo. Ukikataliwa, soma maoni yao, rekebisha, omba tena duru inayofuata. Andiko zuri hukataliwa pia. Jambo la dharura la kweli lina mlango wake, muda ulio mikononi mwa mkurugenzi, ambao huombwa wakati wowote.

Ukikubaliwa, shughulikia viza mapema. Ukifika utapewa kipima mionzi cha kuvaa, na sampuli iliyopigwa nyutroni haitoki mpaka ikaguliwe, kwa hiyo usikate tiketi ya kurudi saa mbili baada ya kipimo cha mwisho.

Ukirudi, andika ripoti ya jaribio. Kamati huisoma unapoomba tena. Data zako hubaki kwako kwa miaka mitatu, kisha hufunguliwa kwa kila mtu, akiwemo mwanafunzi wa Morogoro ambaye hajawahi kukanyaga Grenoble.