Kompyuta ya mezani haipati intaneti ya waya? Anza na waya, Windows baadaye

Kuweka Windows upya hakutengenezi kichwa cha waya (plagi ya RJ45 ya mwishoni) kilichobanwa vibaya. Fuata mpangilio huu.

1. Taa

Nyuma ya kompyuta, pembeni ya tundu la mtandao, kuna vitaa viwili. Vikiwa vimezima vyote, hamishia waya kwenye tundu jingine la ruta, kisha jaribu waya mwingine ulio mzima. Kama taa za tundu la laptopu zinawaka kwa waya uleule na za kompyuta haziwaki, ingia BIOS (mipangilio ya bodi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uone kama kadi ya mtandao haijazimwa. Haijazimwa? Basi tundu limekufa, na radi huua matundu haya sana. Nunua kadi ya mtandao ya PCIe (inachomekwa kwenye bodi, ndani ya kompyuta) au adapta ya USB, usipoteze hela kuchomelea bodi. Mvua ikianza kunguruma chomoa na waya wa mtandao pia, siyo wa umeme pekee.

2. Waya

Taa inawaka lakini mtandao unakatika? Bonyeza Windows na R, andika `ncpa.cpl`, kisha bofya mara mbili alama ya Ethernet usome kasi. Ruta na kompyuta zote zikiwa za gigabiti 1 halafu unaona megabiti 100, mara nyingi kati ya nyuzi 8 zilizo ndani ya waya kuna mmoja au zaidi haujashika. Megabiti 100 hutumia uzi namba 1, 2, 3 na 6 tu. Gigabiti inataka zote 8.

Sasa fungua `cmd` (dirisha la kuandikia amri), andika `ping -n 100 192.168.1.1` (weka anwani ya ruta yako, iko chini ya Default Gateway ukiandika `ipconfig`). Ndani ya nyumba, kwa waya, hutakiwi kupoteza hata pakiti (kipande cha data) moja. Zikipotea 5 au 10, kagua vichwa vyote viwili kwa macho. Shika kichwa kilimi (kile cha plastiki unachobonyeza kuchomoa) kikiwa chini, waya ukija upande wako. Kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima. Ukipanga rangi jozi kwa jozi (chungwa mbili, kijani mbili, bluu mbili, kahawia mbili) pande zote mbili, testa (kipima waya) ya bei rahisi itawasha 1 hadi 8 bila kosa. Testa hiyo inapima kama umeme unapita, basi. Lakini namba 3 na 6 lazima zitoke kwenye jozi moja iliyosokotwa pamoja, kwa kuwa msokoto ndio unaozuia jozi kuingiliana. Kwa mpangilio huo wa jozi kwa jozi, 3 ni kijani na 6 ni bluu. Waya wa mita 2 unaweza kukudanganya ukafanya kazi. Wa mita 20 utapoteza pakiti usiku na mchana. Kata vichwa vyote viwili, ubane vipya kwa mpangilio wa rangi wa hapo juu. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa ili libanwe pamoja. Kichwa kilichokwisha kubanwa hakirudiwi.

Waya wenyewe uwe shaba tupu, Cat5e au Cat6. Ule wa aluminiamu iliyopakwa shaba (CCA) ukikunjwa mara chache unakatikia ndani. Ukikwangua ncha kwa kisu unaona weupe. Usiununue hata ukiwa nusu bei.

3. Anwani

`ipconfig` ikionyesha 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa jibu la ruta. Zima ruta, washa, kisha `ipconfig /renew`. Kompyuta zilizotumika maofisini wakati mwingine huja na anwani ya kudumu ya huko: kwenye `ncpa.cpl` ingia Properties, IPv4, chagua ipatikane yenyewe.

4. Ruta inajibu, tovuti hazifunguki

`ping 8.8.8.8`. Isipojibu wakati ruta inajibu, piga simu kwa anayekuuzia intaneti. Ikijibu, tatizo linaweza kuwa DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani): palepale kwenye IPv4 weka DNS 8.8.8.8 na 1.1.1.1, kisha `ipconfig /flushdns`. Na tazama tarehe kwenye kona ya skrini. Betri ya bodi, CR2032, ikiisha, saa inarudi nyuma miaka na kivinjari kinakataa karibu kila tovuti yenye https. Badilisha betri, rekebisha saa.