Shindano la Bwawa la Udongo: Mwongozo kwa Walimu wa Shule za Nakuru

Shindano hili linahitaji udongo, maji na sanduku la mbao. Kila kundi linajenga bwawa dogo, linalijaza, kisha linaeleza kwa nini limestahimili au limebomoka. Usimpe ushindi mwenye bwawa lisilovuja tu. Anayestahili kushinda ni yule anayejua maji yalipita wapi, na kwa sababu gani.

Anza na udongo wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Kila kundi, la wanafunzi watatu au wanne, lilete udongo wa sehemu tatu tofauti: shambani, kandokando ya mto, kwenye miteremko ya Menengai, mlima wa volkeno. Wachimbe kina cha sentimita 30 hivi, chini ya mizizi, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Timbo za mawe na mbuga ya wanyama ni marufuku. Daftarini waandike mahali, rangi, unyevu na kina.

Kipimo cha kwanza ni cha chupa. Chekecha udongo, ujaze theluthi moja ya chupa ya lita moja iliyo angavu, ongeza maji hadi karibu na shingo na kijiko kimoja cha sabuni ya unga. Tikisa dakika tatu, kisha iache itulie. Mchanga hushuka ndani ya dakika moja. Weka alama hapo. Baada ya saa mbili weka alama ya pili, ya vumbi laini lililotua juu ya mchanga. Mfinyanzi huchukua siku moja au zaidi. Udongo mzuri wa tuta, yaani ukuta wa bwawa unaozuia maji, una mfinyanzi wa asilimia 20 hadi 30. Ukipungua sana, maji hupenya. Ukizidi, tuta hupasuka likikauka. Nakuru kuna jambo la ziada: udongo wetu mwingi umetokana na majivu ya volkeno, na vijiwe vyake vyepesi vyenye matundu huelea juu ya maji. Visipoondolewa, vipimo vya chupa vitadanganya. Waulize wanafunzi kwa nini jiwe linaelea. Hapo ndipo wengi huanza kuuliza habari za Menengai wenyewe, bila kusukumwa.

Sanduku liwe la plaiwudi: urefu sentimita 100, upana 30, kimo 25. Litandikwe nailoni ngumu, na upande mmoja mfupi uwe na tundu la kutolea maji, beseni likiwa chini yake. Tuta liwe na kimo cha sentimita 14 na upana wa juu sentimita 6. Upande wa maji ulale sentimita 2 kwa kila sentimita 1 ya kimo, upande wa nyuma sentimita 1.5. Acha sentimita 30 za sakafu mbele yake, upande wa maji, na 15 nyuma. Debe moja la udongo linatosha, na lita 12 za maji zitafika kina cha sentimita 10.

Unyevu ndio unaowaangusha wengi. Fumbata tonge la udongo, uliachie lianguke kutoka usawa wa kiuno. Likisambaratika, udongo ni mkavu. Likibandika kama chapati, umelowa mno. Likivunjika vipande vichache, anza kujenga. Weka tabaka la sentimita 3, lishindilie kwa kipande cha mbao, likwaruze juu ili tabaka linalofuata lishikamane nalo, kisha endelea. Kabla ya hapo paka uji mzito wa mfinyanzi kwenye nailoni, kwa kuwa maji hupenda kupita kati ya udongo na ukuta. Chini kabisa upande wa nyuma weka mchanga, halafu kokoto. Kokoto zikigusana na udongo moja kwa moja, chembe laini zitapenya kati yake na kuondoka na maji.

Kwenye kona moja ya tuta chonga mfereji wa maji ya ziada, upana sentimita 8 na sakafu yake sentimita 3 chini ya kilele, utandikwe mawe madogo ili usiliwe na maji.

Siku ya shindano mimina lita mbili kila dakika. Maji yakifika sentimita 10, subiri nusu saa na upime yaliyovuja. Angalia rangi: yakitoka safi, tuta linapumua tu, yakitoka na tope, udongo wa ndani unabebwa na tundu linapanuka kuelekea mbele. Kisha ongeza lita moja kila sekunde 10 hadi mfereji ufanye kazi. Maji yakivuka kilele, tuta huliwa kuanzia nyuma.

Alama zigawanywe hivi: daftari la udongo 30, kustahimili 30, mfereji 20, maelezo 20. Bwawa lililobomoka bado lipate alama zote za maelezo ikiwa kundi limeona chanzo.

Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa lilipasuka Solai na zaidi ya watu 40 wakafa. Wapo wanafunzi waliopoteza jamaa zao huko. Zungumza nao faraghani kwanza, na tukio hilo lisitumiwe kama mfano wa kusisimua.

Kundi lenye swali zuri lipelekwe Kenya Science and Engineering Fair, mashindano ya sayansi ya wanafunzi, ambako mradi hupanda kutoka ngazi ya kaunti ndogo hadi taifa. Swali liwe finyu, mfano: je, kubadilisha unene wa tabaka pekee kunabadilisha kiasi cha maji yanayovuja? Wajenge matuta matatu kwa kila unene, kwa udongo uleule na unyevu uleule. Mwalimu asiguse daftari, kwani majaji humhoji mwanafunzi, na mradi wa kupewa hujulikana kwenye swali la pili.