Kusuka fuseau ya lavenda, hatua kwa hatua

Fuseau ni kifungu cha lavenda kilichosukwa kwa utepe, maua yakiwa yamefungiwa ndani ya mabua yake yenyewe. Ni kazi ya mikono ya Provence, kusini mwa Ufaransa, ambako huwekwa kabatini katikati ya mashuka ili yanukie na nondo wasiyakaribie. Haina gundi, haina waya, haiongezwi mafuta ya harufu. Inachotaka ni lavenda mbichi, na ubichi huo ndio unaoamua karibu kila kitu kinachofuata.

Lavenda

Tumia lavandini, chotara yenye mabua marefu. Lavenda halisi ya milimani ina harufu laini zaidi, lakini mabua yake mara nyingi ni mafupi mno kwa kazi hii. Tena lavandini ina kafuri nyingi zaidi, jambo linalofaa kabatini. Bua liwe na angalau sentimita 30 chini ya suke.

Kata kwa mkono. Mashine zinazovuna lavenda ya kukamuliwa mafuta huponda mabua, na bua lililopondwa halisukiki. Kata asubuhi umande ukishakauka, wakati theluthi hadi nusu ya vijiua vya suke vimechanua. Ukichelewa hadi viwe vya kahawia, vitapukutika mikononi. Suka siku hiyohiyo. Mabua yakiwa magumu kiasi cha kuvunjika yakikunjwa, yaache kivulini saa chache yanyong'onyee kidogo. Usiyaloweke, maana maji hubaki ndani ya masuke na kuleta ukungu.

Vifaa na idadi

Mabua 21, utepe wa satini wenye upana wa milimita 6 na urefu wa mita 2.5, mkasi, na sindano nene yenye ncha butu. Suke la sentimita 7 huhitaji mizunguko 11 au 12, na kila mzunguko hula karibu sentimita 10 za utepe. Ukijumlisha mkia na fundo la mwisho unakaribia mita 2. Nusu mita inayobaki ni ya akiba, kwa sababu utepe ukiisha katikati ya msuko kiungo chake kitaonekana daima.

Idadi ya mabua lazima iwe witiri. Ukiwa na 21, mzunguko wa pili hujipanga wenyewe kinyume cha ule wa kwanza: ulipopita juu sasa unapita chini. Ukiwa na 20, utepe utarudia juu ya mabua yaleyale kila mara, na hakuna kitakachoshikana. Anayeanza anaweza kusuka mabua mawilimawili. Hapo zinazohesabiwa ni jozi, kwa hiyo chukua mabua 22 upate jozi 11.

Kufunga na kukunja

Ondoa majani na vitawi vyote vya pembeni. Panga masuke ili sehemu zao za chini ziwe sawa kabisa, kisha funga kwa utepe chini yake, ukiacha mkia wa sentimita 35 upande mmoja. Kaza sana. Fundo likilegea masuke yatateleza ndani, na hakuna namna ya kulifikia tena.

Geuza kifungu, masuke yaelekee chini. Bonyeza kila bua kwa ukucha wa kidole gumba palepale kwenye fundo, likunje polepole lishuke juu ya maua, na ulitandaze kama ubavu wa mwavuli. Ukikunja mbali na fundo utabaki na tundu juu. Mkia uache ndani, ulale pamoja na maua. Utepe mrefu utoe nje kati ya mabua mawili. Bua likivunjika hapa, litoe pamoja na jingine moja, ubaki na 19.

Kusuka

Juu ya bua moja, chini ya linalofuata, hadi mwisho wa mzunguko. Mizunguko mitatu ya mwanzo ndiyo migumu, kwa sababu mabua yamebanana na hupenda kuvukana. Yatenganishe kwa ncha ya sindano na uyahesabu kila mzunguko. Ukijikuta umepita juu ya mabua mawili mfululizo, umeruka moja au mawili yamepishana: fumua hadi hapo, usisawazishe mbele ya safari, kwani kosa hilo litajirudia hadi chini.

Utepe ulale bapa, upande unaong'aa ukiwa nje, na kila mzunguko usukumwe ukutane na uliotangulia. Katikati, mahali pa unene, punguza kukaza kidogo. Karibu na mwisho wa masuke kaza tena ili shingo ifunge. Bua likivunjika katikati ya msuko, chomeka jingine sambamba nalo, likifuata njia ileile.

Maua yakishafunikwa yote, zungusha utepe mara mbili shingoni na ufunge fundo la muda pamoja na ule mkia uliochomoza. Usikate kitu bado.

Kukausha na kukaza upya

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayotenganisha fuseau ya kudumu na ile inayofumuka. Ining'inize kivulini, penye hewa, wiki mbili hadi tatu. Mabua yakikauka hupungua unene, na msuko uliokuwa imara unaanza kucheza. Fungua fundo la muda. Anza juu kabisa: ingiza sindano chini ya utepe, vuta ulegevu hadi kwenye pindo linalofuata, kisha linalofuata, ukiusogeza mzunguko kwa mzunguko hadi shingoni. Nenda taratibu, kwa sababu mabua makavu hukatika yakivutwa kwa pembe. Sasa funga fundo la mwisho, kisha sawazisha ncha za mabua kwa mkasi.

Harufu ikififia, minya kifungu taratibu ili vijiua visuguane ndani. Na kuhusu nondo, lavenda humfukuza anayeruka akitafuta pa kutaga. Haiui mayai wala viwavi waliomo tayari, kwa hiyo fua nguo za sufu kabla ya kuzihifadhi nayo.