Kumwingiza Malkia Mpya Katika Mzinga wa Nyumbani

Mfugaji wa Tabora mwenye mzinga mmoja au miwili nyuma ya nyumba asikimbilie kutafuta malkia mara tu aonapo masega hayana mayai, kwa sababu malkia mchanga aliyetoka karibuni kwenye chumba alimolelewa huweza kumaliza majuma mawili kabla ya kuanza kutaga, na mgeni anayeingizwa wakati huo huuawa. Ili kuhakikisha, pachika katikati ya mzinga kiunzi (fremu) chenye sega la mayai kutoka kundi jingine lenye afya. Kundi lisilo na malkia litaanza, ndani ya siku mbili tatu, kujenga vyumba vya malkia, virefu, vinavyoning'inia, vyenye sura ya ganda la karanga.

Malkia mzee akiwa bado yupo, atafutwe na kuondolewa, kisha kundi likae bila malkia kwa saa 24 hivi. Vunja vyumba vyote vya malkia, hata vile vilivyojificha pembeni mwa sega. Mgeni atiwe ndani ya kitundu kidogo cha wavu ambacho mlango wake umezibwa kwa sukari ya unga iliyokandwa na asali ya mzinga huohuo, kisha kining'inizwe kati ya masega mawili ya majana (watoto wa nyuki), wavu ukiwa wazi ili vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, wamfikie kwa ndimi. Kazi hii ifanyike jioni, kwa moshi wa kiasi, kwani nyuki wetu ni wakali na wakisumbuliwa kupita kiasi huhama.

Siku ya tatu, tazama kitundu kwa makini kuliko kitu kingine chochote mzingani. Vibarua waliong'ang'ania wavu, wakauma nyaya na kukunja matumbo kana kwamba wanataka kudunga, wala hawaachii ukiwasukuma taratibu kwa kidole kilichovaa glavu, bado hawajamkubali. Rudishia sukari mlangoni, usubiri siku mbili zaidi. Wakitembea juu yake kwa utulivu na kumlisha, waache wamalize kuila sukari na kumfungulia wenyewe.

Msimu una uzito wake. Kundi humpokea mgeni kwa urahisi zaidi miyombo inapochanua kuelekea mvua za Novemba. Porini pakiwa pakavu, lipe maji ya sukari kwanza. Kwa maoni yangu, malkia bora ni wa kundi tulivu la jirani, Uyui au Sikonge, kuliko wa kuagizwa mbali, ambaye huweza kuja na magonjwa.

Tatizo gumu ni kundi ambalo vibarua wake wameanza kutaga: chumba kimoja hukutwa na mayai kadhaa, mengine yakiwa yamebandikwa ukutani. Kundi la aina hiyo mara nyingi humuua malkia yeyote, hivyo ni afadhali liunganishwe na jingine lenye nguvu.

Baada ya juma moja tangu malkia atoke, fungua kwa muda mfupi. Usimtafute mwenyewe, yai moja lililosimama katikati ya kila kitako cha chumba linatosha, nawe funika mzinga.