Kuchaji gari la umeme mitaani London bila faini wala ugomvi

Tangu Januari 2023, gari linaloombewa leseni ya teksi ya kuagiza (ile inayoitwa kwa simu au programu, "private hire") London kwa mara ya kwanza lazima liweze kutembea bila kutoa moshi. Ndiyo maana madereva tunabanana kwenye chaja zilezile, na adabu ya pale ni riziki ya mwenzako.

Hatua ya 1: Soma kibao kabla ya kuchomeka. Nafasi nyingine ni ya gari lolote la umeme, nyingine ni ya gari linalochajiwa tu, na nyingi zina ukomo wa saa. Ukiegesha bila kuchaji pasiporuhusiwa, mkaguzi wa halmashauri anakuandikia kosa namba 14 barabarani, au namba 71 kwenye uwanja wa maegesho. Kusema "lakini gari langu ni la umeme" hakukuokoi.

Hatua ya 2: Hakikisha umeme unaingia. Subiri uone kilowati kwenye dashibodi, kisha piga picha ya skrini ya chaja na ya kibao. Waya usikatize njia ya waenda kwa miguu. Kuna mtu wa kiti cha magurudumu atapita hapo.

Hatua ya 3: Kwenye chaja ya kasi, ondoka ukifika asilimia 80. Kuanzia hapo betri hupokea umeme polepole, na hiyo asilimia 20 ya mwisho inaweza kula muda karibu sawa na yote uliyokwisha kuchaji. Kama kuna wanaosubiri na wewe unacho cha kukufikisha, chomoa. Chaja za nguzo za taa ni habari nyingine: zimewekwa kwa kulala usiku kucha. Foleni mara nyingi haina mstari, kwa hiyo shuka uulize nani wa mwisho.

Hatua ya 4: Ukikuta gari limeziba nafasi, usivute plagi ya mtu. Gari ndilo linaloifunga, na ukilazimisha utavunja kufuli. Acha karatasi yenye maneno ya heshima kwenye kioo. Barabarani, piga simu kitengo cha maegesho cha halmashauri. Kwenye uwanja wa duka, mwone msimamizi. Chaja ikiwa mbovu, kanuni za Uingereza za 2023 kuhusu chaja za umma zinamtaka mwenye mtandao wa chaja awe na simu ya msaada ya bure saa 24.

Hatua ya 5: Ukiandikiwa faini ya halmashauri kimakosa, usilipe kwanza, maana kulipa hufunga kesi. Pinga ndani ya siku 14, ambazo faini ni nusu. Ukikataliwa, kwa kawaida hurudishiwa punguzo hilo. Ambatisha picha zako na risiti ya kuchaji yenye saa za kuanza na kumaliza. Wakiendelea kukataa, subiri notisi ya mmiliki wa gari, ijibu ndani ya siku 28, kisha nenda London Tribunals, baraza huru la rufaa za faini hizi. Faini ya kampuni binafsi unaipinga kwa kampuni yenyewe kwanza, halafu POPLA au IAS, vyombo vya rufaa za maegesho binafsi, kutegemea kampuni hiyo iko chama gani cha maegesho.