Kuomba Msaada wa Kodi ya Nyumba Lewiston, Maine, na Kubaki Katika Orodha Hadi Zamu Yako Ifike

Lewiston ni mji mdogo wa watu wapatao 37,000 katika jimbo la Maine, Marekani, na mto Androscoggin ndio unaoutenganisha na mji jirani wa Auburn. Wasomali walianza kuhamia hapa kwa wingi mwaka 2001, na baadaye wakafuata watu kutoka Kongo na nchi nyingine za Afrika, hivyo leo Kiswahili kinasikika madukani na kwenye ngazi za nyumba za mbao za katikati ya mji. Wengi wetu tunafanya kazi na bado kodi inameza sehemu kubwa ya mshahara. Msaada wa serikali upo, lakini hutolewa kwa zamu, na katika Marekani nzima ni takriban kaya moja kati ya nne zinazostahili ndiyo inayoupata. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi ya mwombaji haiishi siku anapowasilisha fomu. Ugumu wenyewe ni kubaki katika orodha, ukiwa unapatikana, kwa muda wote wa kusubiri, ambao mara nyingi ni miaka.

Kwanza tofautisha aina za msaada, kwa sababu kila moja ina orodha yake. Vocha ya Section 8, yaani hati ya serikali inayokulipia sehemu ya kodi, unaitumia kupanga nyumba ya mwenye nyumba yeyote anayekubali kuipokea. Nyumba za umma zinamilikiwa na ofisi ya nyumba ya mji wenyewe. Halafu kuna majengo ya watu au mashirika binafsi yaliyofungwa ruzuku ndani yake: ukihama, ruzuku inabaki na jengo. Katika mipango ya vocha na nyumba za umma, familia kwa kawaida hulipa karibu asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato yanayoruhusiwa, kwa hiyo wenye kipato cha dola 1,800 kwa mwezi baada ya makato hayo watachangia takriban dola 540 kwa kodi, umeme na joto kwa pamoja.

Kustahili hupimwa kwa kipato na kwa hali ya uhamiaji. Idara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, ambayo kwa kifupi huitwa HUD, hutangaza kila mwaka viwango vya kipato kwa kila eneo kulingana na idadi ya watu katika familia, na sheria inataka sehemu kubwa ya vocha mpya, asilimia 75, ziende kwa wenye kipato cha chini kabisa. Raia, wenye kadi ya ukaaji wa kudumu, wakimbizi na waliokwisha kupewa hifadhi wanaruhusiwa kuomba. Ambaye kesi yake ya hifadhi bado haijaamuliwa hastahili vocha kwa kesi hiyo peke yake. Huyo aende kwanza katika ofisi ya mji kuomba General Assistance, msaada wa mji kwa mahitaji ya msingi, kwani sheria ya Maine ya mwaka 2015 iliruhusu waomba hifadhi kupokea msaada huo kwa muda usiozidi miezi 24. Kanuni za uhamiaji hubadilika, kwa hiyo pata ushauri wa kisheria kabla ya kujihesabu kuwa hustahili.

Kwa upande wa vocha, Maine ina orodha ya pamoja inayoshirikisha ofisi nyingi za nyumba za jimbo. Unajaza ombi moja kwenye intaneti na jina lako linawekwa katika orodha za ofisi zinazoshiriki, nawe uulize ikiwa ofisi ya mji unaoutaka imo. Usiishie hapo. Nenda katika ofisi za nyumba za Lewiston na Auburn uulize kuhusu nyumba za umma, kisha uombe orodha ya majengo yenye ruzuku na ujaze fomu ya kila jengo linaloifaa familia yako. Ukikwama, piga simu namba 211, inayotoa habari za huduma za kijamii, ueleze unachotafuta. Kuwa katika orodha nyingi kwa wakati mmoja si kosa wala si udanganyifu, na katika mji mdogo mara nyingi jengo lenye ruzuku hukuita kabla ya vocha. Ukikutana na orodha iliyofungwa, uliza tangazo la kufunguliwa kwake hutolewa wapi.

Fomu yenyewe ni fupi, lakini inataka umakini. Andika majina ya kila mtu kama yalivyo kwenye fomu I-94 (kumbukumbu ya kuingia kwako Marekani), kadi ya Social Security au kadi ya ukaaji, hata kama huko kambini jina la baba lilitangulizwa au herufi moja ilikosewa, kwa maana karani atalinganisha hati na hati, na jina lililoandikwa kwa namna mbili husimamisha faili. Ndivyo ilivyo pia kwa tarehe ya kuzaliwa: wako wakimbizi wengi walioandikishwa 1 Januari kwa sababu tarehe halisi haikujulikana, na kama ndiyo iliyo kwenye hati zako, basi ndiyo utakayoiandika katika kila orodha. Orodhesha wote wanaoishi nawe, akiwemo mtoto wa ndugu unayemlea, kwa kuwa idadi ya watu ndiyo inayoamua idadi ya vyumba. Kwa mtoto usiyemzaa, anza mapema kutafuta karatasi za ulezi. Kipato kitaje chote, hata cha kazi ya saa chache, kwa sababu ofisi hulinganisha maelezo yako na kumbukumbu za mishahara za serikali, na kuficha kunaweza kukunyima msaada kabisa.

Soma kwa makini sehemu ya vipaumbele. Kila ofisi huweka vyake, na vinaweza kuhusu wasio na makazi, wenye ulemavu au wakazi wa mji husika. Hali yako ikibadilika baada ya kuomba, waarifu kwa maandishi, kwani kipaumbele kinaweza kukusogeza mbele sana.

Sasa nifike kwenye jambo linalowaondoa wengi, yaani anwani. Kila baada ya muda ofisi hupitia orodha na kutuma barua au ujumbe wa kuuliza kama bado unahitaji msaada, na asiyejibu ndani ya siku zilizotajwa hufutwa. Mtu anayehama chumba hadi chumba, akikaa kwa shemeji miezi mitatu na kwa rafiki miwili, anapoteza zamu ya miaka kwa barua moja tu iliyorudi posta. Kila unapohama au kubadilisha namba ya simu, rekebisha taarifa zako katika kila orodha siku hiyo hiyo, na kama huna makao ya kudumu tumia anwani ya mtu mwaminifu ambaye hahami. Majina ya watu wazima wote yaandikwe kwenye sanduku la barua, maana katika nyumba ya ghorofa tatu yenye familia sita, mleta barua asipoona jina lako huenda akairudisha bahasha. Weka daftari moja lenye jina la kila orodha, tarehe ya ombi, namba ya uthibitisho na neno la siri. Ukifutwa kwa kutojibu kutokana na ulemavu, eleza hivyo kwa maandishi, kwa sababu kanuni za vocha zinaitaka ofisi ikurudishe mahali pako.

Kuomba vocha ni bure. Anayekutoza fedha ili akuingize au akusogeze mbele anakuibia, na tovuti inayodai kadi ya benki kwa ajili ya orodha hii ifunge mara moja. Omba mkalimani wa Kiswahili; Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi unaotokana na asili ya mtu katika mipango inayofadhiliwa na serikali kuu. Usimpe mtoto wako wa shule mzigo wa kutafsiri mahojiano ambamo kosa dogo linaweza kuwagharimu wote.

Zamu ikifika utaitwa kuleta vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, hati za uhamiaji, karatasi za mshahara na taarifa za benki. Ukikataliwa, ofisi inapaswa kukupa sababu kwa maandishi na nafasi ya kuomba uamuzi upitiwe upya. Muda wa kufanya hivyo ni mfupi, kwa hiyo wasiliana mapema na Pine Tree Legal Assistance, wanasheria wanaowahudumia watu wa kipato cha chini bila malipo.

Ukipewa vocha, una angalau siku 60 za kutafuta nyumba, na unaweza kuomba ziongezwe kabla hazijaisha. Nyumba nyingi za katikati ya Lewiston zilijengwa kabla ya 1978, mwaka rangi yenye risasi, yaani madini yenye sumu, ilipopigwa marufuku majumbani, kwa hiyo mwenye watoto wadogo atazame madirisha na kuta zinazobanduka, na amwombe mwenye nyumba taarifa za risasi kabla ya kukubaliana naye. Usihamie wala kusaini mkataba hadi ofisi iidhinishe kodi na nyumba ipite ukaguzi, kwani ukitangulia kuhamia, kodi ya siku hizo huenda ikawa yako yote.