Lishe ya maziwa ya dawa kwa mtu mzima mwenye Crohn: hatua kwa hatua, kuanzia hesabu ya makopo

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyekwishaambiwa na daktari kuwa ana ugonjwa wa Crohn (uvimbe na vidonda vya kudumu kwenye utumbo), akatakiwa aache chakula kwa wiki 6 hadi 8 aishi kwa maziwa maalumu ya lishe peke yake. Ni wa yule atakayemtengenezea pia. Mimi ni mtaalamu wa lishe, nipo Unguja, na ninavyoona tiba hii mara nyingi huvunjikia jikoni na ukumbini, tumbo lenyewe halijapata hata nafasi ya kujibu.

Kwa watoto wenye Crohn, nchi nyingi huanza na tiba hii badala ya steroidi, yaani dawa kali za kushusha uvimbe. Kwa watu wazima picha si nzuri hivyo. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2018 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikuta wagonjwa wazima 45 katika 100 walitulia kwa lishe, na 73 katika 100 kwa steroidi. Lakini waliohesabiwa kuwa wameshindwa ni pamoja na walioacha njiani, na wengi waliacha kwa kuchoshwa na ladha. Kwa hiyo hatumpi kila mtu. Tunamfikiria zaidi aliyekonda sana, anayesubiri upasuaji, ambaye utumbo wake umebana, au ambaye steroidi zinamdhuru. Na kama ugonjwa wako ni ule wa vidonda vya utumbo mpana pekee, maziwa haya hayatauzima. Yatakusaidia kurudisha mwili tu.

Hatua ya 1: Kifua kikuu kitolewe shaka kwanza

Kwetu kifua kikuu cha matumbo kipo, nacho hujifanya Crohn kabisa: homa za jioni, kukonda, maumivu upande wa chini kulia, vidonda palepale utumbo mwembamba unapoungana na mpana. Ukimlisha vizuri mgonjwa wa kifua kikuu ataongezeka kilo, nyote mtafurahi, na huku ugonjwa unaendelea kumla. Kwa hiyo kabla ya kopo la kwanza muulize daktari wako waziwazi: kipimo cha kamera kimefanywa? Vinyama vilivyokatwa vimepimwa kifua kikuu? Kama majibu yamepelekwa Dar es Salaam na hayajarudi, yasubiri.

Hatua ya 2: Piga hesabu mpaka mwisho

Chukua uzito wako wa leo, zidisha kwa 30. Hizo ndizo kalori za siku, kwa kukisia, mtaalamu atazirekebisha. Protini ni gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo wakati ugonjwa umewaka.

Tuchukue mama wa kilo 50. Anahitaji kalori 1,500 na protini gramu 60 hadi 75. Sasa geuza kopo usome nyuma, kwenye safu ya gramu 100. Tuseme imeandikwa 430 mbele ya kcal, ndizo kalori zetu. Ili afike 1,500 atatumia gramu 350 hivi za unga kila siku. Soma mstari wa protini: ikiwa ni gramu 16, basi 350 zitampa 56, hazifiki. Ikiwa ni 18, atapata 63, hapo sawa. Makopo mawili yanayofanana rangi na bei yanaweza kutofautiana kwenye mstari huo mmoja.

Halafu hesabu ambayo watu hawapendi kuifanya. Gramu 350 kwa siku 42 ni karibu kilo 15, yaani makopo 37 ya gramu 400. Kwa wiki 8 ni makopo 49. Zidisha kwa bei ya duka lako la dawa. Kaa na familia, ulizeni bima kama inachangia, ulizeni na duka kama wana mzigo wa kutosha au wanangoja meli. Walio Pemba wawe na akiba ya wiki mbili ndani wakati wote, maana bahari ikichafuka hakuna wa kumlaumu. Ikiwa fedha zinatosha wiki tatu tu, mwambie daktari mapema apange tiba nyingine. Kuanza na kuishia katikati kunakuacha huna fedha na ugonjwa uko palepale.

Hatua ya 3: Nunua maziwa yanayotosha peke yake

Kopo liseme kuwa linaweza kuwa chakula pekee cha mtu mzima, lenye protini, mafuta, wanga, vitamini na madini yote. Uji wa lishe, hata ungekuwa na nafaka saba, haumo. Maziwa ya watoto wachanga hayamo, wala maziwa ya ng'ombe yenye tende. Vyote vizuri, lakini kwa kazi hii havitoshi.

Kuna aina zenye protini nzima na zile zilizovunjwavunjwa. Za kuvunjwa ni ghali na zina uchungu, na tafiti hazijaonyesha kuwa zinatibu Crohn zaidi. Anza na ya protini nzima. Mwenye kisukari aseme mapema, sukari itapanda na dawa zake zitahitaji kupangwa upya.

Hatua ya 4: Kuchanganya

Chemsha maji yachemke kweli, uyaache yapoe hadi uvuguvugu. Yakiwa ya moto sana, unga hushikana madonge na vitamini nyingine huharibika. Tia maji kwanza kwenye jagi, unga baadaye, kijiko kimoja kimoja huku unakoroga, kwa vipimo vya kopo. Kijiko ni kile kilichomo ndani ya kopo, na kikatwe juu kwa kisu. Si kijiko cha chai, si cha mezani. Utaona povu. Liache litulie dakika kumi, na ndipo utaona kama chini pamebaki unga.

Kilichochanganywa kikikaa nje ya friji hakipiti saa 4, na kwa joto letu la Februari mimi sikifikishi huko. Ndani ya friji, saa 24. Umeme ukikatika mara kwa mara mtaani kwako, changanya glasi moja moja na uache wazo la jagi la siku nzima. Kopo likishafunguliwa lifunikwe vizuri, likae pakavu. Unyevu wa pwani hufanya unga kuwa jiwe.

Baridi inasaidia sana. Maziwa yaleyale yanayotapisha yakiwa vuguvugu hunyweka yakiwa baridi, kwa mrija, kwenye kikombe chenye kifuniko ili harufu isipande puani. Ukichoka na vanila, chemsha iliki mbili tatu kwenye yale maji, uchuje, yapoe, ndiyo uchanganyie. Karafuu sishauri, tumbo lenye vidonda halihitaji kuchokozwa.

Hatua ya 5: Siku tatu za mwanzo

Siku ya kwanza nusu, ya pili robo tatu, ya tatu kamili. Kwa mama wetu, ikiwa maziwa yanatoa kalori moja kwa kila mililita, ni mililita 750, kisha 1,125, kisha 1,500, ambazo ni glasi 6 za mililita 250. Kunywa kwa funda ndogo, glasi moja imalizike kwa nusu saa. Ukiigugumia, tumbo litajaa gesi na utaharisha, halafu utalaumu maziwa. Maji ya kawaida ni ruhusa na ni lazima, glasi tatu nne juu ya hayo.

Njaa siku hizi ni kali, kichwa huuma, hasira ziko karibu. Kwa wengi hupungua baada ya hapo. Choo kuwa laini sana au kuwa kijani si ajabu.

Lakini kama umekaa zaidi ya siku 10 huli kitu cha maana, au umekonda ukabaki mifupa, usianze nyumbani. Mwili uliozoea njaa ukipata chakula ghafla, fosfati, potasiamu na magnesiamu kwenye damu hushuka na moyo unaweza kusimama. Mgonjwa huyo huanzia wodini, kwa kalori 10 au chini kwa kilo, akipewa vitamini B1 kwanza na damu ikipimwa mara kwa mara.

Dawa zako ziendelee. Steroidi hasa haziachwi ghafla kwa sababu umeanza maziwa.

Hatua ya 6: Watu

Hapa ndipo tiba inapokufa. Huwezi kuingia nyumba ya mtu Zanzibar usikaribishwe chakula, na kukataa sahani ya mama mkwe ni kesi. Usijieleze sana. Sema, "Nimo kwenye dawa, nimekatazwa kuchanganya na chakula." Dawa watu wanaiheshimu, diet hawaiheshimu. Kwenye harusi na khitma nenda na chupa yako, au nenda baada ya sinia kuondolewa. Nyumbani, omba wakaange samaki ukiwa umetoka.

Ramadhani ni suala zito zaidi. Saumu yetu ni kama saa 13 mwaka mzima, na kusukuma lita moja na nusu ya maziwa, pamoja na maji, kati ya futari na daku kunaishia kwa kutapika. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kufungua katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Namna ya kulipa zungumza na shekhe wako ukiwa na barua ya daktari mkononi. Kama tiba inaweza kungoja mpaka Shawwal, daktari akikubali, ngoja.

Ikiwa kunywa kumeshindikana kabisa, kuna mpira mwembamba wa puani. Wapo wanaopitishia maziwa ya usiku tu, mchana wakanywa.

Hatua ya 7: Kupima

Uzito mara moja kwa wiki, mizani ileile, asubuhi. Hospitali watapima damu na, kinapopatikana, kalprotektini ya kinyesi, inayoonyesha kama uvimbe wa utumbo unashuka. Wiki ya pili au ya tatu ikipita bila nafuu yoyote, rudi. Rudi siku hiyohiyo ukiwa na homa kali, damu nyingi, au tumbo limevimba, unatapika na hata hewa haitoki: huo huenda ni utumbo ulioziba.

Hatua ya 8: Kurudi kwenye sahani

Usifungue kwa biriani. Kila siku mbili tatu ongeza mlo mmoja mdogo, upunguze robo ya maziwa. Anza na wali mweupe uliolainika, samaki wa kuchemsha asiye na miba, yai, mbatata iliyomenywa, ndizi mbivu. Urojo, pilipili, karanga, mahindi ya kuchoma na embe la nyuzi vingoje mwisho, na aliyebanwa utumbo asiviguse mpaka daktari aseme. Andika ulichokula na siku uliyokula kwenye daftari la skuli la mtoto. Kitu kikikuchafua, kiondoe, rudi kwenye mlo wa jana yake, ukijaribu tena baada ya wiki.